Vichanja vinne, wanawake kumi na wawili: je, kura ilichezewa?

Kikundi kina wanachama 12, wote wanawake wanaochakata dagaa kwenye mwalo mmoja wa Ilemela, hapa Mwanza. Kwa fedha za hisa zao walimpa fundi kazi ya kutengeneza vichanja vya kuanikia, naye akaahidi kuvikabidhi kwa awamu tatu, vinne vinne. Nani aanze? Wakakubaliana kupiga kura. Zikatoka karatasi nne, na kabla jua halijazama kikundi kilikuwa kimepasuka katikati.

Asiyewajua dagaa atauliza ugomvi wote huu wa nini, maana mwisho wa yote kila mmoja angepata kichanja chake. Dagaa wakianikwa chini hubeba mchanga. Mnunuzi akifika anaingiza mkono ndani ya gunia, anachota wa katikati, anatafuna wawili watatu, na meno yakikutana na mchanga bei inashuka hapo hapo. Wa kichanjani wanapigwa na upepo juu na chini, kuku na mbwa hawawafikii, na wingu likitanda upande wa ziwani unavuta turubai unafunika. Kura hii ilipigwa mwishoni mwa Februari, masika yakinukia. Wa awamu ya kwanza angeianza mvua akiwa na kichanja. Wa awamu ya tatu angekipokea mwezi Juni, mvua zikiwa zimekwisha kuondoka na mtaji wake.

Kuna na jambo la pili. Wanachama saba wanaishi chini, karibu na maji, na kikundini huitwa wa mwaloni. Watano wanaishi juu kwenye mawe, kule ambako nyumba zimebanwa katikati ya majabali kama ilivyo nusu ya jiji hili. Hao ni wa mlimani. Mwenyekiti ni wa mwaloni. Katibu na mhazini wote wawili ni wa mlimani, na hilo lilikuwa limeshaanza kunung'unikiwa hata kabla ya vichanja.

Kura ilipigwa siku za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, mitumbwi inapumzika, akina mama wanapata nafasi ya vikao. Katibu alichana karatasi za daftari akaandika majina 12, akakunja, akatia ndani ya sufuria. Mtoto mmoja aliyekuwa anatoka shule akaitwa achote. Akachota ya mhazini. Kisha ya mwanachama mmoja wa mwaloni. Kisha ya katibu. Ya nne ikawa ya mwanamke mwingine wa mlimani.

Yaani watatu kati ya wanne ni wa mlimani, ambao ni wachache, na wawili kati ya hao watatu ni viongozi.

Usiku ule kijana wa mwanachama mmoja, mhitimu wa kidato cha sita aliyesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati), alituma hesabu kwenye kundi la WhatsApp. Karatasi ya kwanza kuwa ya mlimani ni 5/12, ya pili 4/11, ya tatu 3/10. Ukizidisha unapata 60/1,320, ambayo ni 1/22. "Mara moja kati ya mara 22," akaandika, na wengine wakamalizia wenyewe: kura imechezewa. Katibu naye akajibu kwa sauti ndefu kwamba mkono wake haukuingia kwenye sufuria, na kwamba karatasi ni karatasi, haijui nani anakaa mlimani. Kesho yake mwenyekiti akanifuata. "Mwalimu, shule wewe unayo. Hebu tuambie tu, inawezekana au haiwezekani?"

Niliitwa kwa sababu nafundisha hesabu. Swali la "inawezekana" lina jibu la neno moja, ndiyo, wala halimsaidii mtu. Matokeo yoyote ya kura yanawezekana. Kilichotakiwa ni kujua yanawezekana kwa kiasi gani, na hapo ndipo kombinesheni, yaani hesabu ya kuchagua kundi bila kujali mpangilio, zinapoingia.

Tuhesabu kwanza njia zote. Mtoto akichota karatasi nne moja baada ya nyingine, ya kwanza inaweza kuwa yoyote kati ya 12, ya pili kati ya 11, ya tatu kati ya 10, ya nne kati ya 9. Zidisha: 12 × 11 × 10 × 9 = 11,880. Lakini hapa mpangilio hauna maana, kwa kuwa vichanja vinne vya awamu moja vinakabidhiwa siku moja. Katibu akitoka wa kwanza au wa nne, kichanja chake ni kile kile. Ingekuwa upatu, ambapo wa kwanza anapokea mwezi huu na wa pili mwezi ujao, tungebaki na zile 11,880. Kwa vichanja, kila kundi la wanne limehesabiwa mara 24, kwa sababu watu wanne wanaweza kupangwa kwa namna 4 × 3 × 2 × 1. Gawanya 11,880 kwa 24 upate 495. Shuleni tunaandika C(12,4) = 495. Hayo ndiyo makundi yote ya wanne yanayoweza kutoka ndani ya ile sufuria, na karatasi zikiwa sawa na kuchanganywa vizuri, kila kundi lina nafasi ile ile.

Katibu hakuiamini ile 495 mpaka aifikie kwa njia yake. Yeye ni mtu wa daftari la hisa. Kujumlisha anajua kuliko kuzidisha. Nikamwonyesha pembetatu ya Pascal, yule Mfaransa ambaye mwaka 1654 aliandikiana barua na Fermat kuhusu namna ya kugawana fedha za mchezo wa kamari uliokatizwa kabla ya kwisha. Unaanza na 1, kila mstari unaanza na kuisha kwa 1, na kila namba ya katikati ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Akashuka mistari yote mpaka ule unaoanza 1, 12, 66, 220, na namba iliyofuata ikawa 495. Aliipigia mstari mara mbili.

Sasa kundi lenye watatu wa mlimani na mmoja wa mwaloni. Watatu kati ya watano wanachaguliwa kwa njia C(5,3) = 10. Mmoja kati ya saba, njia 7. Kila njia ya huku inaweza kwenda na kila njia ya kule, kwa hiyo 10 × 7 = 70. Kwa mtindo huo huo unapata mgawanyo wote:

Wa mlimani 4, wa mwaloni 0: makundi 5
Wa mlimani 3, wa mwaloni 1: makundi 70
Wa mlimani 2, wa mwaloni 2: makundi 210
Wa mlimani 1, wa mwaloni 3: makundi 175
Wa mlimani 0, wa mwaloni 4: makundi 35

Jumlisha, zinarudi 495, na mimi huwa sisahihishi kazi ya mwanafunzi ambaye hakuzijumlisha. Uwezekano wa matokeo yaliyotokea ni 70/495, karibu asilimia 14.1. Ila mlalamikaji asingenyamaza kama wangetoka wa mlimani wanne, angelalamika zaidi. Kwa hiyo namba inayofaa ni ya "watatu au zaidi": 75/495, asilimia 15.2. Hiyo ni kama mara moja katika kila kura sita au saba. Mbali sana na mara moja kati ya 22.

Kijana alikosea wapi? Zile sehemu alizozidisha ni sahihi kabisa, ila zinajibu swali jingine: uwezekano wa karatasi tatu za kwanza kuwa zote za mlimani. Kwenye sufuria haikuwa hivyo, maana ya mwaloni ilitoka ya pili. Ukitaka kwenda kwa njia yake ya kuzidisha, weka na karatasi ya nne: 5/12 × 4/11 × 3/10 × 7/9, ambayo ni 420/11,880. Kisha kumbuka kuwa ile moja ya mwaloni inaweza kukaa nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne. Mara nne: 1,680/11,880, na hiyo ni 70/495 ile ile. Kwa kombinesheni nafasi hizo nne zimeshashughulikiwa kimya kimya pale tulipogawanya kwa 24. Ndiyo maana nazipenda. Zinamzuia mtu kusahau. Kosa la kijana nalikuta kwenye madaftari ya kidato cha sita kila mwaka, tofauti ni kwamba darasani halivunji kikundi cha mtu.

Asilimia 15 haimtii mtu hatiani. Nilipowaambia hivyo kikaoni, mwanachama mmoja wa mwaloni alisimama na hoja ambayo sikuweza kuipuuza. "Mwalimu, sisi habari ya mlimani tuiache. Viongozi! Wako watatu, wawili wamepata. Hiyo nayo ni bahati?"

Tukahesabu. Viongozi wawili kati ya watatu: C(3,2) = 3. Nafasi mbili zinazobaki zijazwe na wasio viongozi tisa: C(9,2) = 36. Makundi 108. Ongeza yale ambayo viongozi wote watatu wamo, makundi 9. Jumla 117 kati ya 495, asilimia 23.6, karibu mara moja kila kura nne. Na hata kama angepata kiongozi mmoja tu, je, maneno yasingekuwepo? Makundi yasiyo na kiongozi yeyote ni C(9,4) = 126. Kwa hiyo makundi 369, karibu robo tatu ya yote, yana angalau kiongozi mmoja. Mtu akitaka kuwasema viongozi, sufuria itampa sababu mara tatu kati ya nne.

Hapo ndipo kisa hiki kinapokuwa na utamu wake, na ndipo wengi wanapopita haraka. Lalamiko la mlimani lilikuja baada ya kura. Lalamiko la viongozi nalo lilikuja baada ya kura, tena baada ya la kwanza kupoa. Kila moja, ukilipima peke yake, ni la asilimia kumi na kitu au ishirini na kitu. Lakini kikundi hakikuwa na lalamiko moja mkononi. Kilikuwa na malalamiko mengi yakisubiri, na sufuria ilihitaji kuligusa moja tu. Swali la haki ni hili: kura safi kabisa, isiyochezewa na mtu, ingeleta ugomvi mara ngapi?

Hesabu yake si ngumu, inataka uangalifu. Makundi yenye wa mlimani watatu au zaidi ni 75. Yenye viongozi wawili au zaidi ni 117. Ukijumlisha moja kwa moja unayahesabu mara mbili yale yenye sifa zote mbili, kwa hiyo lazima yatolewe. Ni mangapi? Kumbuka katibu na mhazini ni wa mlimani, mwenyekiti wa mwaloni. Wakitoka wa mlimani wanne, katibu na mhazini wote wamo katika makundi 3 kati ya yale 5. Wakitoka watatu na mmoja: katibu na mhazini wote wamo pamoja na mmoja kati ya wenzao watatu, halafu yeyote wa mwaloni, 3 × 7 = 21; au mmoja wao tu yumo na wenzao wawili, njia 6, na huyo wa mwaloni awe ni mwenyekiti mwenyewe, hivyo 6. Jumla 3 + 21 + 6 = 30. Basi 75 + 117 − 30 = 162.

Bado. Kama wangetoka wanne wote wa mwaloni, wale wa mlimani wangekaa kimya? Katibu mwenyewe alicheka nilipouliza. Hayo ni makundi 35, na hayaingiliani na yale mengine, kwa kuwa hayana mtu wa mlimani na kiongozi aliyemo hawezi kuzidi mmoja. Jumla kuu ni 197 kati ya 495, asilimia 39.8.

Mara mbili kati ya tano. Kikundi hiki, kwa jinsi kilivyogawanyika, kingegombana mara mbili katika kila kura tano za haki. Nimehesabu aina tatu tu za malalamiko. Ukiweka undugu, umri na nani anamdai nani, namba inapanda. Ndiyo maana nasema kupima hila kwa matokeo yaliyokwisha kuonekana ni kazi bure, isipokuwa matokeo yawe ya ajabu kupita kiasi, au lalamiko liwe liliandikwa kabla.

Likatolewa pendekezo, na lilitoka kwa mtu mpole anayetaka amani: turudie kura, na tukiona bado watu wananung'unika turudie tena, mpaka itoke ambayo kila mtu ameridhika. Kikao karibu kizima kikaitikia. Ni busara ya wazee hiyo, na ingekuwa dhuluma.

Tazama yanayobaki ukitupa yale makundi 197 ya ugomvi. Yanabaki 298. Katika kura ya kawaida kila mwanachama yumo katika makundi 165 kati ya 495, yaani theluthi moja, bila kujali anaishi wapi wala ana cheo gani. Katika yale 298 mambo yanabadilika. Katibu yumo katika makundi 65 tu: 45 akiwa na mwenzake mmoja wa mlimani asiye kiongozi, na 20 akiwa peke yake kutoka mlimani. Asilimia 21.8. Mhazini vivyo hivyo. Mwenyekiti yumo katika 63, asilimia 21.1. Mwanamke wa mlimani asiye kiongozi yumo katika 107, asilimia 35.9. Wa mwaloni asiye kiongozi, 113, asilimia 37.9. Kurudia kura mpaka watu watulie ni sawa na kuwapunja viongozi zaidi ya theluthi ya nafasi yao bila kuwaambia. Kama kikundi kinataka viongozi wasubiri, kiandike kwenye katiba yake na wasiingie kwenye kura kabisa. Hilo ni jambo la heshima, na vikundi kadhaa hufanya. Kulifanya kwa mlango wa nyuma kupitia manung'uniko ni kitu kingine. Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuunga mkono kurudia, alipoona yeye ndiye mwenye namba ndogo kuliko wote aliomba niihesabu tena.

Pendekezo la pili lilikuwa kugawa sawa kwa sawa: wawili wa mlimani, wawili wa mwaloni, kila upande upige kura yake. Linavutia, tena ndiyo matokeo yanayotokea mara nyingi kuliko mengine, 210 kati ya 495. Ila wa mlimani ni watano, kila mmoja angekuwa na nafasi 2/5; wa mwaloni ni saba, nafasi 2/7. Asilimia 40 dhidi ya 28.6. Ukisawazisha pande, umewapunja watu. Uchague kimoja, na kikundi hiki kilianzishwa na watu walionunua hisa mmoja mmoja.

Sasa turudi kwenye sufuria yenyewe. Hesabu yote hapo juu imesimama juu ya sentensi moja niliyoipitisha haraka: karatasi zikiwa sawa na kuchanganywa vizuri. Mhazini alikuwa amezihifadhi karatasi zile ndani ya sanduku la kikundi, nikaomba nizione. Tisa zilikuwa za daftari la mistari, nyepesi, zimekunjwa mara tatu. Tatu zilikuwa za jalada la daftari. Katibu alieleza bila kusita: kurasa alizozichana zilimwishia kwenye jina la tisa, akakata jalada. Jalada ni gumu, halikunjiki vizuri, linajifungua lenyewe. Nikazirudisha zote 12 kwenye sufuria nikafumba macho nikaingiza mkono. Zile tatu unazikuta juu, na vidole vinazitambua.

Majina matatu ya mwisho kwenye orodha yalikuwa ya nani? Mhazini, katibu, na mwanachama mmoja wa mwaloni ambaye hakutoka. Wawili kati ya watatu wa jalada walichotwa. Uwezekano wa hilo kutokea kwa bahati tupu ni hesabu tuliyokwisha kuifanya, watu maalumu watatu kati ya 12 na wawili au zaidi watoke: 117/495, asilimia 23.6. Kwa hiyo hata jalada halithibitishi hila. Ila linathibitisha kwamba kura haikuwa ile tuliyokuwa tunaihesabu, na hilo kwangu ni zito kuliko asilimia yoyote. Makundi 495 hayakuwa na nafasi sawa.

Jambo hili limewahi kuwapata watu wenye fedha na ofisi kubwa. Tarehe 1 Desemba 1969 Marekani ilipiga kura ya kuwapanga vijana wa kuitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Tarehe zote 366 za kuzaliwa ziliwekwa kwenye vidonge vya plastiki, mwezi baada ya mwezi, Januari ikitangulia. Havikuchanganywa vya kutosha, na vijana waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka wakaangukia namba za mwanzo za kuitwa kuliko ilivyostahili. Hakuna aliyehitaji kufanya hila. Walishindwa kukoroga tu. Kura iliyofuata wakabadilisha utaratibu.

Nilitoa maoni yangu: kwa sababu ya jalada, kura ya kwanza irudiwe, mara moja, vyovyote itakavyotoka. Kurudia kwa sababu vifaa vilikuwa vibovu ni halali hata kama matokeo yangekuwa yanampendeza kila mtu. Kikao hakikukubali. Fundi alikuwa ameshapigilia misumari vichanja viwili, na yule wa mwaloni aliyepata hakuwa tayari kuirudisha bahati yake sufuriani, jambo ambalo sikuweza kumlaumu. Isitoshe walikuwa na maombi ya mkopo wa halmashauri, ule wa akina mama unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani, na mkopo ule hupewa kikundi. Kikundi chenye kesi hakikopesheki. Wakaamua awamu ya kwanza ibaki ilivyo, awamu ya pili ipigwe upya kwa utaratibu mwingine. Naona walikosea kidogo, lakini kikundi ni chao.

Utaratibu tuliuandika kabla. Vizibo vya soda, vya aina moja, viandikwe namba 1 hadi 8 kwa ndani. Kila mwanachama aliyebaki ajichagulie namba yake mwenyewe mbele ya wenzake, katibu aandike tu. Ndoo yenye mfuniko, itikiswe na yeyote anayetaka, kwa muda anaotaka. Achote mnunuzi wa dagaa ambaye si mwanachama. Mwenye tatizo na vizibo, ndoo au mchotaji aseme kabla ya kizibo cha kwanza. Kizibo kikishatoka, lalamiko pekee linalosikilizwa ni kwamba utaratibu ulioandikwa haukufuatwa. Kipengele hicho cha mwisho kilichukua muda mrefu kuliko vyote.

Waliobaki walikuwa wanane: wa mlimani wawili, wa mwaloni sita. Makundi C(8,4) = 70. Yenye wa mlimani wote wawili ni C(6,2) = 15, yenye mmoja 40, yasiyo na hata mmoja 15. Niliyaandika hayo kwenye karatasi nikambandikia mwenyekiti kwenye daftari lake, wazi.

Ndoo ilitikiswa na wanawake sita kwa zamu. Vizibo vinne vikatoka, na wa mlimani wote wawili wamo. Kwa hiyo wa mlimani wote watano walikuwa wamekwisha kupata, na awamu ya tatu ikabaki ya mwaloni watupu, mwenyekiti akiwa mmoja wao.

Kijana wa PCM safari hii alikuwepo, na alikuwa mwepesi. Tangu mwanzo, akasema, wanne wa mwisho kuwa wote wa mwaloni ni C(7,4) kati ya 495, yaani 35/495, asilimia 7. Ni sahihi kabisa. Mwenyekiti akanigeukia: kwenye daftari lake nimeandika 15 kati ya 70, asilimia 21. "Sasa ipi ni ipi, mwalimu?"

Zote mbili. Saba ni ya mtu anayekisia kabla ya kura ya kwanza, hajui lolote. Ishirini na moja ni ya mtu aliyekwisha kuona wa mlimani watatu wakitoka. Sehemu kubwa ya ajabu ilishatokea awamu ya kwanza, na ilikwisha kugombewa. Ndoo ya vizibo inawajibika kwa ile ya ishirini na moja peke yake. Nilimwona kijana anaandika hilo kwenye simu, kisha akalifuta, kisha akaandika tena.

Mtu mmoja akauliza kura ya awamu ya tatu itapigwa lini. Wamebaki wanne, vichanja ni vinne: C(4,4) = 1. Mwenyekiti akafunga daftari, akauliza fundi anamaliza lini.